Nyasi Zilizokuja kwa Lori

Jumamosi ile niliporudi nyumbani nilidhani nimekosea geti. Nilikuwa nimekaa siku tano Illasit na timu za shule kwa michezo ya wilaya, nikilala sakafuni katika darasa la watu, na safari ya kurudi kwa lori kupitia Emali ilikuwa imenijaza vumbi mpaka ndani ya masikio. Nilisukuma geti la mabati, nikatia mguu mmoja ndani, nikaurudisha nje. Mbele ya nyumba yangu palikuwa na nyasi. Si majani mawili matatu yaliyoota baada ya mvua. Zilikuwa nyasi za kijani, fupi, zilizoshikana, zimelazwa kuanzia varandani mpaka karibu nusu ya ua.

Mtu ambaye hakuishi Kitengela mwishoni mwa miaka ya tisini hawezi kuelewa nilivyoshtuka. Udongo wetu ni ule mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kifaranga, na mvua ikinyesha hukuvua viatu njiani. Nyumba tulikuwa tumeijenga kwa mawe ya machimbo yaliyo nyuma yetu, ya majirani vivyo hivyo, na ukisimama barabarani uliona mawe, mabati, vumbi, na mbali kidogo mbuzi wakitafuta kitu cha kutafuna. Mke wangu alizaliwa Vihiga. Kwao nyasi hufyekwa, hazinunuliwi. Tangu tuhamie alikuwa na lalamiko moja tu, na alilisema bila kugomba: "Mtoto wetu anajifunza kutembea juu ya mawe." Kila akienda kwao alirudi na kichaka cha nyasi kimefungwa kwenye gazeti bichi, akakipanda karibu na mlango, na kila mara mbuzi wa mtu alikimaliza kabla ya wiki kuisha.

Sasa alikuwa amesimama varandani, kanga imefungwa kiunoni, matope mpaka magotini, akicheka kwa jinsi nilivyokodoa macho.

"Mwalimu, karibu kwako," alisema.

Alikuwa amepanga kila kitu bila kunidokeza. Alikuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River, na mwenzake wa kiwandani alimwelekeza kwa fundi wa nyasi, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku niliyoondoka kwenda Illasit ndiyo siku fundi alianza. Waliondoa udongo mweusi kina cha mkono, wakamwaga udongo mwekundu ulioletwa kwa lori, wakachanganya na samadi kavu kutoka boma la jirani wa Kimaasai. Wakasawazisha kwa reki, wakakanyagakanyaga kwa miguu mitupu, mke wangu naye akiwa miongoni mwao baada ya kazi, wakasawazisha tena. Asubuhi hiyo ndipo nyasi zenyewe zilipofika.

"Ni ya kapeti," fundi aliniambia kwa fahari. "Haipandwi, mzee. Inalazwa tu."

Nilikuwa nimechoka lakini furaha haina uchovu. Nilinawa uso, nikavua viatu, nikaomba nifundishwe. Vipande vilikuwa vimekatwa mraba, unene wa kipande cha mkate uliokatwa na mtu mkarimu, vimepangwa juu ya magunia mabichi, nyasi kwa nyasi na udongo kwa udongo. Fundi alinionyesha jinsi ya kubeba kipande kwa viganja viwili vilivyofunguliwa, kama unavyobeba sinia, kisije kikakatika katikati. Unakilaza, unakisukuma mpaka kishikane na mwenzake, wala huachi nafasi ya kidole. Mstari wa pili haufuatani na wa kwanza; unaanza na nusu kipande, kama anavyofanya mjenzi wa mawe, ili maungio yasikutane. Kisha unapiga kwa ubao, pole pole, na kumwagia maji.

"Ubao ndio unaambia mizizi kwamba imefika," fundi alisema.

Nililaza kipande cha kwanza, cha pili, cha kumi. Binti yetu alikuwa akitambaa juu ya sehemu iliyokwisha, akishangaa, akijaribu kula. Mke wangu alikuwa akinyunyiza maji kwa mkebe aliotoboa matundu. Sikumbuki kama nimewahi kuipenda ile nyumba kuliko saa hiyo.

Nilipoingiza mkono chini ya kipande kilichofuata, kitu kilinichoma. Niliuvuta mkono nikaona damu katikati ya kiganja. Nikadhani ni mwiba wa mgunga. Nikakiinua kile kipande kwa uangalifu, nikakigeuza. Kwa chini ilitokeza ncha ya msumari. Nikakigeuza tena upande wa nyasi, nikazipekua kwa vidole. Msumari ulikuwa umepigiliwa katikati ya kizibo cha soda.

Nilikaa chini.

Ule msumari ulipigiliwa na mimi. Katika shule niliyofundisha, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, tulikuwa na uwanja wa mpira ambao watu wa barabara ya Namanga walisimamisha magari kuutazama. Nilipofika pale kama mwalimu mgeni palikuwa na mawe na mibigili tu. Kwa miaka minane mimi na wanafunzi tuliotesha nyasi shina kwa shina. Kila Jumatatu na Alhamisi kila mtoto alikuja na chupa ya maji kutoka kwao, watoto ambao mama zao walitembea mbali kuyateka. Maji yaliyooshea sufuria za jikoni hayakumwagwa, yalipelekwa uwanjani. Tulizungusha miiba ili mbuzi wasiingie. Chokaa ya kuchorea mistari ilioshwa na kila mvua, na mahali pa kupigia penalti palikuwa panapotea, wasichana na wavulana wakigombana kama ni hatua kumi na moja au kumi na mbili. Basi siku moja nilichukua vizibo vitano vya soda nikavipigilia ardhini kwa misumari, vimeshikana kama ua. Kizibo nilichoshika sasa, katika ua wa nyumba yangu, kilikuwa kimoja kati ya vile vitano.

Nikavuta kipande kingine kutoka kwenye rundo. Kilikuwa na vitatu. Kingine kilikuwa na mstari wa chokaa, mweupe, umenyooka, nilioupaka Ijumaa kabla ya kusafiri.

"Fundi," niliita. "Hii nyasi umetoa wapi?"

"Kwa site moja hapo mbele, mzee. Wanataka kujenga."

"Site gani?"

"Ile iko karibu na kware, pale kwa machimbo ya mawe. Ni ya shule, lakini wameuza hiyo upande. Mwenye site alisema tutoe haraka, tingatinga inakuja Jumatatu, nyasi itazikwa bure."

Mke wangu aliacha kunyunyiza. "Ni nini?" aliuliza. Nilimwonyesha kiganja changu na kizibo. Aliangalia damu kwanza, akataka kwenda kuleta kitambaa.

"Ni uwanja," nilimwambia.

"Uwanja upi?"

"Wetu. Wa shule. Hii ni penalti."

Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Kizibo cha soda kiko kila mahali," alisema taratibu.

"Nilikipigilia mimi."

Fundi alivua kofia yake kwa mara ya kwanza, akakaa juu ya wilbaro aliyoipindua. Hakujitetea. Alisema tu kwamba yeye huitwa na kuonyeshwa mahali pa kukata, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kuna mwalimu aliyezipanda.

Tulimwacha mtoto kwa jirani, tukaenda kwa miguu. Njiani mke wangu aliongea mfululizo: pengine wamekata pembeni kidogo, pengine ni ukarabati, pengine watapanda nyingine. Mimi nilikuwa nikihesabu vipande kichwani, vilivyolazwa na vilivyobaki, nikijaribu kujua ni sehemu gani ya uwanja iliyoko kwangu. Kumbe nilikuwa najipa moyo. Nilidhani nyasi zilizo kwangu ndizo zote zilizoondolewa.

Uwanja wote ulikuwa umeondoka. Nilifika pale penye miiba nikasimama, na kwa muda macho yangu yalikataa kuonyesha kile kilichokuwepo. Udongo ulikuwa mweusi kutoka goli mpaka goli, mbichi bado, na alama za majembe na za magurudumu ya malori zimetapakaa kila mahali. Milingoti ya magoli ilikuwa imelazwa pembeni, imefungwa kamba pamoja. Katikati ya weusi ule palikuwa na vigingi vya saruji, vimepangwa kwa safu, kila kimoja na namba ya rangi nyekundu.

Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama kwenye ukingo na mtungi wake wa maji mgongoni. Nilimjua, binti yake alikuwa golikipa wetu, na tulikuwa tumeshuka kwenye lori moja na binti huyo saa chache zilizopita.

"Takwenya," nilimsalimu kwa Kimaasai, kwa mazoea.

"Iko," alijibu, naye kwa mazoea, bila kugeuka. Kisha akasema, "Mwalimu, wamechuna. Wamechuna hii uwanja kama ng'ombe, na ilikuwa bado mzima."

Mke wangu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Alikuja pale uwanjani mara nyingi siku za mechi; alikuwa amekaa juu ya nyasi zile akiwa na mimba ya binti yetu, na hakuzitambua zilipoletwa mlangoni kwake. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Aliendelea kusema, "Mimi nilizimwagia maji. Asubuhi nzima nimezimwagia maji."

Tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu mkuu, aliyeishi ndani ya ua wa shule. Huyu mzee alinipokea nilipofika Kitengela na sanduku moja. Nililala kwake miezi mitatu bila kuulizwa nitaondoka lini. Siku ya harusi yangu alisimama upande wa baba yangu, kwa sababu baba alikuwa mgonjwa. Nilipokuwa nikigonga mlango nilikuwa na hakika ya jambo moja tu: kwamba yeye pia hajui, na kwamba mimi ndiye nitakayempasulia habari.

Alikuwa akinywa chai.

"Ah, Mwalimu! Keti. Mama, karibu. Haya, niambie, wasichana wamefanyaje Illasit?"

"Wamekuwa wa pili," nilijibu, maana alikuwa ameuliza.

"Wa pili wilaya nzima! Hongera sana." Akamimina chai vikombe viwili.

Niliona mkono wake ulivyotulia, chai isimwagike hata tone, nikaanza kuogopa. "Mwalimu, uwanja," nilisema.

"Najua. Nilitaka ukirudi nikuite tuongee. Walikuja mapema kuliko tulivyopatana."

Tulivyopatana. Aliinuka akaenda chumbani, akarudi na ramani iliyokunjwa, akaikunjua mezani kati ya vikombe. Alianza kueleza kwa sauti ileile aliyotumia kueleza hesabu za sehemu kwa darasa la sita. Uwanja haukuwa na karatasi, alisema. Shule ilikuwa na hatimiliki ya madarasa tu. Kuna wakubwa walikuwa wameanza kuutazama, na wakubwa wakichukua hawaachi hata njia. Kwa hiyo chama cha walimu kiliwahi. Kila mwalimu kipande chake.

"Angalia hapa," alisema, na kidole chake kikashuka kwenye orodha pembeni ya ramani. Namba moja ilikuwa yake. Nilisoma majina ya watu niliokuwa nikinywa nao chai kila siku. Namba kumi na nne lilikuwa jina langu.

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichosikia mwilini wakati huo. Si hasira. Ilikuwa kama ile hali ya kukanyaga ngazi ambayo haipo. Jina lilikuwa langu, herufi zote, na mbele yake sahihi yangu yenye mkia mrefu ambao sijawahi kuona kwa mtu mwingine.

"Hii si yangu," nilisema.

"Si ulisaini?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli.

Na ni kweli nilikuwa nimesaini. Mwaka uliotangulia, saa nne, wakati wa chai, karatasi ilipitishwa mezani katika chumba cha walimu. Mradi wa ploti za walimu, waliniambia, hapa hapa Kitengela, utakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Nilisaini huku natafuna mandazi. Sikuuliza ni wapi. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba tumepata ploti ya pili, akafurahi, akaanza kuchora kwenye karatasi za kiwandani vyumba sita vya kupangisha, kimoja juu ya kingine, na ngazi upande wa nje. Alimwandikia mama yake barua.

Sasa alikuwa ameinama juu ya ramani. "Hii namba kumi na nne," alisema, "ni pale penye goli?"

"Mbele ya goli, mama," mwalimu mkuu alisema. "Ni ploti nzuri, iko karibu na barabara. Mtu hujengea watoto wake. Mkikataa nyinyi, atakuja mwingine. Nyasi haziwezi kukusomeshea mtoto."

Mke wangu alisukuma kikombe ambacho hakuwa amekigusa, akasema "Asante kwa chai," akatoka. Nilimfuata. Nilipofika mlangoni mwalimu mkuu aliniita kama zamani, kwa lugha ya nyumbani, akaniambia nisifanye jambo kwa haraka. Nilijisikia nikimjibu "Ndiyo, baba."

Jumapili asubuhi nilisikia koleo likigonga udongo. Nilitoka nikiwa bado na nguo za kulalia. Mke wangu alikuwa ameanzia varandani, anaingiza koleo chini ya kipande, anakiinua, anakiweka juu ya gunia bichi, nyasi kwa nyasi kama fundi alivyofundisha.

"Wewe, si tungoje kwanza tuone watasema nini?" nilimwambia.

"Bado haijashika," alisema bila kuinuka. "Angalia, inatoka kama mkeka. Tukingoja itashika, na ikishika itakuwa yetu."

Nilibaki nimesimama. Usiku kucha nilikuwa nimewaza juu ya mwalimu mkuu, juu ya kazi yangu, juu ya wakubwa ambao hawaachi njia. Sikuwa nimewaza juu ya nyasi hata kidogo. Nilikwenda kuleta jembe.

Fundi alitokea saa tatu, akiwa amekuja kumaliza kazi, akakuta tunaibomoa. Alitazama, akavuta pumzi. Kisha akaondoka, nikadhani ameenda zake, lakini alirudi na mkokoteni na mwenzake wa kuusukuma. "Mimi sitaki machozi ya watoto kwa kazi yangu," alisema. Alichotuonya ni jua. Nyasi iliyokatwa mara mbili, alisema, ni kama mgonjwa aliyepasuliwa mara mbili. Tulizifunika kwa magunia tukayamwagia maji kila safari. Tulikwenda mara saba. Waliokuwa wakitoka kanisani walisimama kututazama, mwalimu na mke wake wakisukuma shamba barabarani.

Tulipofika na shehena ya kwanza, yule mama wa golikipa alikuwepo na wanawake wengine wanne. Hakuuliza tumezitoa wapi. Aliteremsha mtungi, na kila tulipolaza mstari mmoja, wao walimwaga maji na kukanyaga. Kufikia jioni palikuwa na kipande cha kijani katikati ya weusi wote ule, si kikubwa, tena kimewekwa mahali si pake, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kujua goli lilikuwa wapi hasa. Wanawake walikicheka. Mmoja alisema kinafanana na leso iliyoanguka.

Jumatatu wanafunzi waliingia getini wakikimbia kama kawaida, wakafika penye miiba, wakasimama. Wadogo walikuwa na chupa zao za maji mikononi, maana ilikuwa Jumatatu. Wazazi nao walikuwa wamefika, habari imekwisha kuzunguka, na tingatinga la manjano lilikuwa limeegeshwa kwenye kona likinguruma. Walimu wenzangu walikuwa wamejipanga ukutani mwa ofisi. Wazazi waliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa michezo. "Mwalimu, ni nani ameuza?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Niliyoyasema yalikuwa machache. Nilisema ploti zimegawanywa kwa walimu, kwamba ziko kwenye ramani, na kwamba namba kumi na nne ina jina langu.

Nilitarajia nini? Sijui. Labda nilidhani kusema ukweli kunamsafisha mtu hapo hapo. Yule mama wa golikipa, aliyebeba maji siku nzima jana yake pamoja nami, aligeuka akanitazama kwa macho yaliyopanuka, na nikaona uso wa mtu anayepigwa na aliyemwamini.

"Wewe pia, Mwalimu?"

Nikajaribu kueleza: sikujua, nilisaini tu, nimeikataa ploti, nitaliondoa jina. Hakusikiliza mpaka mwisho. Alinipa mgongo, akatembea juu ya ule udongo uliochunwa, akaenda kukaa chini mbele ya tingatinga, akanyoosha miguu. Wanawake wengine walimfuata, kisha wanaume na fimbo zao, kisha wanafunzi wa madarasa ya juu. Mke wangu, ambaye hakwenda kazini siku hiyo, alikwenda akakaa miongoni mwao. Mimi nilibaki nimesimama katikati, si wa ukutani na si wa chini. Dereva wa tingatinga alizima injini, akateremka, akanunua miwa kwa muuzaji wa getini, akawa anaitafuna akingoja kuambiwa.

Kesi yenyewe haikuisha kwa siku moja. Chifu alikuja, mkuu wa tarafa akaja, ramani ikafunguliwa juu ya boneti la gari, kukawa na mikutano na barua kwa miezi mingi. Niliandika barua ya kuliondoa jina langu, nikaipeleka mwenyewe. Katika chumba cha walimu hakuna aliyenitukana. Ila sukari ilikuwa inaishia kwa mtu aliyekaa kabla yangu. Mwalimu mmoja kijana aliniambia nje, kwa upole, kwamba nimewaharibia watoto wake maisha kwa sababu ya mpira. Niliijua nyumba ya chumba kimoja alimokuwa akiishi.

Mwisho waligawanya. Upande wa machimbo ulirudi shule, na hatimiliki ikaandikwa; upande wa barabara ulikuwa umeshauzwa kwa watu wengine, na watu hao walijenga. Kabla hayo hayajaisha mimi nilihamishwa kwenda kufundisha mbele ya Bisil. Barua ya uhamisho haikutoa sababu. Nilikaa huko miaka mitano, nikirudi nyumbani mwisho wa wiki. Yule mama wa golikipa nilikutana naye huko huko, siku ya mnada wa ng'ombe. Alikuwa ameleta mbuzi. Mimi ndiye niliyetaka kupita kando. Yeye ndiye aliyenisalimu. Aliniambia binti yake yuko sekondari, akaniuliza mke wangu hajambo, akanunua chumvi, akaenda zake. Neno la uwanja hakulitaja, nami sikulitaja.

Na mwalimu mkuu? Alistaafu, akajenga Kitengela. Nilimkuta sokoni nikiwa nimerudi kwa likizo, amezeeka, akichagua nyanya moja moja na kuibonyeza kwa kidole. Miaka yote nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia. Aliniona, akanikumbatia, akanilaumu kwamba nimekonda, akaniuliza habari za mtoto. Nami, ajabu ya Mungu, niliona machozi yakinilenga, nikambebea kikapu mpaka kwake. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mke wangu, naye akasema, "Sasa ulitaka ufanye nini, umwache na mzigo?" Lakini jambo hilo bado linanishtua. Nilidhani chuki ni kitu kinachojitunza chenyewe.

Nusu ya uwanja iliyobaki wameigeuza. Magoli yako upande mwingine sasa, na mchezo ni mfupi. Fleti zimeinuka kwenye upande wa barabara, ghorofa nne, nguo zimeanikwa kwenye varanda zote. Mpira ukipigwa sana huruka ukaangukia kwa watu. Mara ya mwisho nilipokwenda kutazama mechi ya wasichana, mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa amesimama kwenye varanda na mpira mikononi, amekasirika, shuka lake lina alama ya tope. Wasichana walikuwa chini wakimsihi. "Auntie, tafadhali, zimebaki dakika mbili!" Aliwagombeza mpaka alipochoka, halafu akawatupia.